Mwamuzi na Umati: Historia Fupi ya Kipyenga Kando ya Ziwa

Watangazaji wa mpira waliotulea sisi tulioanza kusikiliza redio kabla ya kuiona televisheni walituachia msamiati ambao hatujaupima vya kutosha. Mshambuliaji aliyesimama nyuma ya mabeki akisubiri pasi hawakusema yuko nje ya upande, kama Kiingereza kinavyodai. Walisema ameotea. Kuotea ni lugha ya wawindaji: ni kujificha mahali ukamvizia mnyama apite. Mchezaji aliyegusa mpira kwa mkono hawakusema ameushika, walisema amenawa. Aliyemkwatua mwenzake alitenda madhambi, neno ambalo siku nyingine zote makazi yake ni msikitini na kanisani. Na mwenye filimbi, licha ya jina la mkopo la refa, aliitwa mwamuzi, kutokana na kitenzi kuamua, ambacho hata leo ni kazi ya hakimu na pia kazi ya mpita njia yeyote anayewaingilia wawili wanaopigana na kuwatenganisha. Huyo naye huambiwa amewaamua.

Nadai kwamba maneno haya ni tafsiri ya sheria, na kwa maana kamili ya neno tafsiri. Anayeamua kwamba kosa la mshambuliaji ni kuotea amekwisha kujibu swali gumu kuliko yote katika sheria hiyo: je, tunaadhibu mahali mtu aliposimama, au tunaadhibu nia yake? Kiingereza kinataja mahali. Kiswahili kinataja nia.

Ajabu ni kwamba Kiswahili kiko karibu zaidi na asili ya sheria yenyewe. Katika shule za bweni za Uingereza za karne ya 19, ambako mchezo huu ulipata kanuni zake kabla ya Chama cha Soka cha Uingereza kuziandika mwaka 1863, mchezaji aliyezubaa karibu na lango la wapinzani alionekana mtovu wa adabu. Katika shule ya Eton kosa hilo liliitwa kwa neno lenye maana ya kunyemelea. Hakukuwa na mstari wa kupima. Kulikuwa na aibu. Vipimo vilikuja baadaye: kwa miaka mingi mshambuliaji alitakiwa awe na wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli, mwaka 1925 idadi ikashushwa hadi wawili, na magoli yakaongezeka mno, mwaka 1990 ikakubaliwa kwamba aliye sambamba na mpinzani wa pili kutoka mwisho hajaotea. Leo kamera zinapima bega na ncha ya kiatu. Sheria imefika mahali pa kutamka kwamba, kwa hesabu ya kuotea na ya kunawa, mkono unaishia usawa wa chini ya kwapa. Mtu anaweza kuwa ameotea kwa ukubwa wa kidole gumba, bila kumvizia yeyote.

Lakini nia haikufukuzwa uwanjani. Ilihamishiwa chumba kingine. Sheria ileile inasema kwamba kusimama mahali pa kuotea si kosa. Kosa ni kuingilia mchezo, au kumwingilia mpinzani, au kufaidika na mahali hapo. Hivyo kamera ikimaliza kupima kiatu, binadamu anabaki na kazi ya kuamua kama aliyesimama mbele ya kipa alimziba macho au alikuwa anapita tu. Kunawa kumepita njia hiyohiyo. Zamani mwamuzi aliulizwa jambo moja: amekusudia? Tangu mwaka 2019 anaulizwa pia kama mchezaji ameufanya mwili wake kuwa mkubwa isivyo kawaida kwa mwendo ule. Kawaida ya nani? Beki anayeruka bila kutumia mikono sijapata kumwona, na nadhani hata waandishi wa kifungu hicho hawajamwona.

Mchezo wa besiboli, ambao kwetu ni mgeni lakini si mgeni tena kwenye fukwe za ziwa hili, umeipita barabara hiyo kwa namna inayofundisha. Msomaji atakumbuka vijana wa Lugazi, mji ulio kati ya Kampala na Jinja, ambao mwaka 2012 walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Marekani. Mwaka mmoja kabla yao timu nyingine ya Uganda ilikuwa imefuzu, ikanyimwa viza kwa sababu ya utata wa nyaraka za umri. Mwamuzi wa kwanza wa mchezo huo, kwa Waganda, alikuwa karani wa ubalozi. Huku kwetu Wajapani wamekuwa wakiufundisha mchezo huo katika shule za sekondari tangu miaka ya 2010.

Ndani ya besiboli mrushaji humrushia mpigaji mpira, na asipoupiga, mwamuzi aliyechuchumaa nyuma ya mdakaji huamua kama mpira ule ulikuwa halali kupigwa. Ukiwa halali, mpigaji anahesabiwa straiki, na straiki tatu zinamtoa. Huko mwanzo haikuwa hivyo. Mwamuzi aliporuhusiwa mwaka 1858 kutangaza straiki kwa mpira ambao mpigaji hakuujaribu, ilikuwa ni adhabu kwa mpigaji mkorofi anayeacha mipira mizuri ipite kwa makusudi ili kuchelewesha mchezo. Nia tena. Polepole nia hiyo ikageuzwa kuwa sanduku la hewa lisiloonekana, linaloanzia kwenye magoti na kuishia kati ya mabega na kiuno, ambalo hurefuka na kufupika kwa kimo cha kila mpigaji. Waamuzi walibishaniwa sanduku hilo kwa zaidi ya karne moja. Kwa msimu wa 2026 ligi kuu ya Marekani imeamua kwamba timu zinaweza kukata rufaa kwa kamera, na sanduku linahesabiwa kwa kimo cha mpigaji: chini asilimia 27, juu asilimia 53.5. Kwa hiyo straiki imepatiwa hesabu yake.

Mchezo huohuo, hata hivyo, umebaki na kanuni moja ambayo hakuna kamera inayoweza kuisoma. Iliwekwa katika miaka ya 1890 kuwadhibiti wajanja. Mpira ukipigwa juu sana na kushuka karibu, wakimbiaji wa timu inayopiga wanalazimika kubaki kwenye vituo vyao wakitarajia kwamba utadakwa. Mlinzi mjanja aliuangusha kwa makusudi, akauokota, na kuwatoa wakimbiaji wawili mahali ambapo angestahili mpigaji mmoja. Dawa ikawa kumpa mwamuzi mamlaka ya kumtangaza mpigaji ametoka mpira ukiwa bado hewani, mradi vituo viwili vya kwanza vina wakimbiaji, bado hawajatoka wawili, na mpira uwe wa kudakwa kwa juhudi za kawaida. Hilo neno kawaida limerudi tena. Mwamuzi hatazami kilichotokea. Anatabiri ambacho kingetokea kama watu wangekuwa waaminifu.

Turudi Mwanza, maana hapa tulikuwa na mashindano makubwa kabla ya kipyenga, na yalikuwa na jibu lake kwa swali la nani aamue.

Wasukuma wana vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinavyofuatilia chimbuko lao hadi kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Vyama hivi hushindana kwa utaratibu ambao mtu wa mpira angeuona kama fujo. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, katika uwanja mmoja, kila moja upande wake. Hakuna jopo la majaji wala karatasi ya alama. Watazamaji wako huru kuhama, na kundi lenye watu wengi zaidi ndilo mshindi. Ndiyo sababu wachezaji wakabuni kila hila ya kuvuta macho: nyimbo za mafumbo, mavazi, vichekesho, majembe yanayorushwa hewani, chatu anayevishwa shingoni. Na dawa. Kila upande ulikuwa na dawa ya mvuto, na sehemu kubwa ya sifa ya manju ilikuwa nguvu ya dawa zake. Kila Juni, katika sherehe za Bulabo pale Bujora, Kisesa, kilomita chache kutoka mjini, mtu bado anaweza kuona umati ukitoa hukumu kwa miguu.

Sikusudii kuupamba utaratibu huo. Umati hauelezi sababu, unahama tu. Mtunzi bora anaweza kushindwa na mwenye chatu mnene. Hata hivyo una sifa moja ambayo soka haina: aliyeshindwa anajua ameshindwa na nani. Hawezi kusema amehujumiwa na mtu mmoja aliyekula njama, kwa kuwa hakuna mtu mmoja.

Kipyenga kilileta kinyume chake. Mpira uliofika katika shule na bandari za ziwa, pamoja na misheni, pamba na reli iliyoingia Mwanza mwaka 1928, ulikuja na mtu mmoja anayeamua dhidi ya umati. Tusidhani kwamba Waingereza waliuanza mchezo wao hivyo. Mwanzoni kila timu ilileta mwamuzi wake, wawili hao wakajadiliana, na wasipoafikiana walimpelekea shauri mtu wa tatu aliyekaa nje ya uwanja. Neno refa maana yake ni hiyo: yule ambaye shauri linapelekwa kwake. Tena hakuna uamuzi uliotolewa pasipo wachezaji kulalamika kwanza. Mwaka 1891, mwaka uleule wa kuzaliwa kwa penati, mtu huyo wa tatu aliingizwa ndani ya uwanja na kupewa madaraka yote. Wale wawili wakasogezwa pembeni na kuwa washika vibendera. Mpira ulipofika kwetu, mabadiliko hayo yalikuwa yamekwisha. Tulipokea mwamuzi mwenye amri bila kupokea kumbukumbu ya mazungumzo yaliyotangulia amri hiyo. Katika nchi iliyotawaliwa, jambo hilo halikumshangaza mtu. Mkuu wa wilaya naye alikuwa hivyohivyo.

Kuna na suala la lugha. Sheria za soka hutolewa rasmi kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na Kihispania, na matini zikigongana, Kiingereza ndicho kinachotawala. Mwamuzi wa Nyamagana anatafsiri mara mbili: kwanza kutoka Kiingereza kuja kichwani mwake, kisha kutoka kichwani kwenda kwenye kipyenga. Shabiki wa jukwaani amebeba sheria nyingine, ile ya watangazaji, ya kuotea na kunawa. Mara nyingi wanapogombana hawagombanii tukio moja. Mmoja anasema mkono ulikuwa umetanuka; mwingine anasema hakukusudia. Wote wawili wana haki, kila mmoja kwa sheria yake.

Agosti 10, 1974, uwanja huo wa Nyamagana ulipata heshima ambayo wakazi wa Dar es Salaam hawajazoea kuitoa. Yanga na Simba, klabu mbili zilizopo hatua chache kutoka moja hadi nyingine pale Kariakoo, zilicheza fainali ya ubingwa wa taifa Mwanza, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka nyumbani kwao. Adam Sabu aliifungia Simba mapema, dakika ya 16. Simba wakaongoza hadi karibu na mwisho, Gibson Sembuli akasawazisha dakika ya 87, na katika muda wa nyongeza Sunday Manara akafunga la pili. Wazee wa Mwanza wanaisimulia mechi hiyo kana kwamba walicheza wao.

Kinachonivutia hapa si magoli. Tanzania Bara haikuwa na televisheni, na haikuwa nayo hadi miaka ya 1990. Waliokuwa Nyamagana waliliona kila tukio mara moja tu, kwa macho, sawasawa na mwamuzi. Nchi nzima iliyobaki iliona kwa masikio, kupitia kwa mtangazaji. Mwamuzi alikuwa na faida mbili ambazo mwenzake wa leo hana: hakuna aliyeona zaidi yake, na kulikuwa na mtu wa pili, mwenye sauti, aliyewaeleza wananchi kwa Kiswahili chao kwa nini kibendera kimepaa. Mtangazaji akisema ameotea, ameotea. Utii tuliokuwa nao kwa kipyenga ulisimama, kwa sehemu kubwa, juu ya koo la mtangazaji.

Leo hii nguvu imehamia kwa mtazamaji. Aliyekaa kwenye banda la kuonyeshea mpira Kirumba au Igoma anaona marudio matatu kabla ya mwamuzi kumaliza kuandika jina la mchezaji. Wengi walitumaini kwamba msaada wa video, VAR, ungerudisha usawa. Aprili 5, 2024 tulipata jibu. Yanga walikuwa Pretoria, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya Mamelodi Sundowns, baada ya sare tasa Dar es Salaam. Shuti la Stephane Aziz Ki liligonga mwamba, likashuka karibu na mstari wa goli na kurudi uwanjani. Sheria ya goli haina ushairi wowote: mpira mzima uwe umevuka mstari mzima. VAR ilikuwapo. Mchezo ukaendelea, goli halikutolewa, Yanga wakatolewa kwa penati 3-2. Nchi ikagawanyika usiku ule kuhusu picha moja iliyopigwa kwa pembe. Msimamo wangu ni kwamba hasira ya usiku ule haikutokana na uamuzi peke yake. Ilitokana na ukimya. Watu waliketi chumbani, wakatazama picha, wakakata shauri, na hakuna aliyesikia walichoambiana. Ilikuwa kama umati wa Bujora uliohama bila kuonekana.

Hapa inafaa kuwatazama jirani wa mwamuzi, yaani mahakimu, kwa kuwa mji huu una mfano wao uliovuka mipaka. Mwaka 1990, mwaka uleule ambao sheria ya soka ilimsamehe mshambuliaji aliye sambamba, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza alikuwa na kanuni ngumu kuliko ya kuotea. Sheria za mila, zilizokusanywa na kuandikwa mwaka 1963, ziliruhusu mwanamke wa Kihaya kurithi na kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, ila si kuiuza. Bibi mmoja wa Muleba alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza mwaka 1988, na jamaa wa ukoo akaenda mahakamani kulitengua. Maneno ya kanuni hayakuwa na utata wowote. Utata ulikuwa katika swali kama kanuni hiyo ingeweza kuishi ndani ya Katiba iliyoingiziwa haki za binadamu mwaka 1984. Jaji aliamua kwamba haiwezi, na kwamba mwanamke ana mamlaka juu ya ardhi hiyo kwa masharti yaleyale ya mwanamume. Uamuzi huo husomwa hadi leo katika vyuo vya sheria vya nchi nyingi.

Waliochukizwa nao walikuwa wengi, na nina hakika waliukosoa vizuri zaidi kuliko tunavyowakosoa marefa, kwa sababu walikuwa na kitu cha kukosoa. Jaji analazimika kuandika sababu. Mwamuzi wa mpira analazimika kunyoosha mkono. Tofauti hiyo ina haki yake: mchezo hauwezi kusimama kila dakika kusubiri hukumu ya kurasa ishirini. Lakini hatuna budi kukiri kwamba tabia ya kipyenga imepanda ngazi, kutoka uwanjani hadi ofisini, ambako hakuna mpira unaokimbia wala dakika zinazoyoyoma.

Mei 8, 2021, saa ya mechi ya Yanga na Simba ilisogezwa siku hiyohiyo kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Yanga walishika herufi ya kanuni inayotaka taarifa itolewe mapema, wakaingia uwanjani saa 11, wakaondoka. Mechi ikachezwa Julai 3. Machi 2025 zamu ikageuka: Simba walisema wamezuiwa kufanya mazoezi katika Uwanja wa Benjamin Mkapa usiku wa kuamkia mechi ya tarehe 8, haki ambayo kanuni inampa mgeni, nao wakatangaza hawachezi. Bodi ya Ligi ikaahirisha, Yanga wakapinga kuahirishwa, na mechi ikaja kuchezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0. Ukizisoma kesi hizi mbili pamoja unagundua kwamba kila klabu inapenda herufi ya kanuni pale inapoisaidia na roho ya kanuni pale inapoihitaji. Hilo ni la kibinadamu, hata mawakili hulipwa kwa ajili hiyo. La kutisha ni kwamba baada ya mizozo yote miwili shabiki wa kawaida aliachwa na matokeo bila hoja. Aliambiwa mechi imeahirishwa, na mechi itachezwa. Hakusomewa kwa Kiswahili kilichonyooka kanuni inasemaje, mgeni akinyimwa mazoezi anafidiwaje, na kwa nini safari hii iamuliwe hivi na ile vile. Ombwe hilo halikukaa wazi. Lilijazwa na vijiwe, na vijiwe vina sababu moja tu kwa kila jambo: amenunuliwa.

Kwingineko wameanza kufungua midomo. Tangu mwaka 2022 waamuzi wa besiboli wa ligi kuu ya Marekani huvaa kipaza sauti na kuutangazia uwanja kile marudio ya picha yalichoamua. Kombe la Dunia la wanawake la mwaka 2023, kule Australia na New Zealand, liliwafanya waamuzi wa soka kufanya vivyo hivyo. Sentensi moja, mbili, kisha mpira unaendelea.

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zimepangiwa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Utaratibu huo ukitufikia, wenye mamlaka watalazimika kuchagua lugha ya kutangazia, na ikiwa itakuwa Kiswahili, mwamuzi atasimama katikati ya uwanja akiwa na maneno yetu ya zamani mdomoni. Atamtangaza mshambuliaji aliyezidi kwa ncha ya kiatu kwamba ameotea. Na maelfu ya watu majukwaani, wanaojua kuotea ni nini, watamuuliza: alikuwa anamvizia nani?